Guta la Emerensiana na Kamba Yangu ya Mafundo

Jumamosi, 5 Julai 2025

Nina miaka sabini na sita. Nimezika wake wawili. Kivuko cha mto Kilombero kimekufa, daraja limekuja, mimi nipo. Mafundi baiskeli wote tulioanza nao hapa Kibaoni wamelala, mimi nipo, na spana zao ninazo. Mwalimu wa ngumbaru aliyesema Agapiti hatajua kuandika mpaka anaingia kaburini — kaingia yeye. Mimi naandika.

Naandika kwa sababu ya guta. Mradi umewaletea akina mama wa kikundi cha mchele maguta matatu ya umeme, baiskeli za mizigo za tairi tatu. Guta lenyewe halina moshi, halina kelele, linabeba magunia manne. Zuri. Lakini waliolitengeneza huko kwao wana miguu ya korongo. Emerensiana, binti wa marehemu mdogo wangu, kapandishwa leo pale mashineni. Akiegemea nyuma, mikono haifiki kwenye hendeli na miguu inaning'inia kama ya mtoto kwenye benchi la kanisa. Akisogea mbele atafute breki, hendeli inamchoma kifuani.

Alfonsi wa bodaboda alikuwepo. Mrefu huyo, na urefu wenyewe hana kazi nao. Kasema guta linataka miguu, sio maombi, wamwachie yeye aendeshe. Agnella, mwenyekiti wa kikundi na mwenye mashine ya kukoboa, hakukataa. Kasema majaribio ni Jumanne tarehe kumi na tano. Asiyeweza kusimamisha guta na mzigo kwenye mstari atakaa nyuma, Alfonsi ataendesha.

Yaani mtu apewe guta halafu abebwe humo kama gunia.

Nikasema nitalishusha mimi. Ukoo wetu wote wafupi. Baiskeli ya baba niliiendesha kwa kupenyeza mguu katikati ya fremu, na Ifakara nzima mimi ndiye wa kwanza kufunga vibao kwenye pedeli. Wako wanaosema ni fundi mmoja wa Lupiro. Waongo.

Omega, binti wa mradi aliyesomea uhandisi, akasema shikamoo mzee, tafadhali usikate fremu, waya zinapita humo. Nikasema marahaba, fremu sigusi, nakata miguu ya kiti. Akanitazama. Akasema basi kila unachobadilisha uandike. Ndiyo hii.

Jumapili, 6 Julai

Nimempima Emerensiana. Mimi sipimi kwa futi, futi ni ya mbao. Mtu anapimwa kwa kamba. Katokea moja kwa moja misa ya pili, kapendeza, kitenge kipya, viatu vya kisigino. Nimemkalisha juu ya gunia la mpunga, mgongo ukutani. Kamba toka nyonga hadi chini mwisho wa mguu — fundo. Toka bega hadi kiganja — fundo. Alitaka kuvua viatu. Nikamwambia tulia, unanitingishia kamba.

Jumatano, 9 Julai

Kazi imekwisha. Miguu ya kiti nimekata vidole vinne. Shingo ya hendeli nimeilaza nyuma kiganja kizima, nikachomea vipande vya bamba pande zote mbili. Pedeli ya breki nimefunga kibao cha mninga, nikakizungushia mpira wa tairi mguu usiteleze.

Omega kaja kupiga picha. Kalala chini kabisa, na suruali yake nzuri, atazame uvunguni. Kauliza mzee, haya ulijifunza wapi. Nikasema, kwa kuwa mfupi.

Nimelijaribu mwenyewe, barabara ya Lupiro, kwenda na kurudi. Nimevaa katambuga zangu za tairi, mguu umekaa kwenye breki kama umezaliwa pale. Watu walisimama. Mmoja kasema mzee anaendesha kama askofu.

Ijumaa, 11 Julai

Sina hamu ya kuandika.

Emerensiana kapakia magunia matatu, kashuka nalo ule mteremko wa mashineni. Halikusimama. Limeingia kwenye lundo la pumba nyuma ya mashine, limezama mpaka kwenye hendeli. Hakuumia. Pumba ziko mpaka masikioni. Zingekuwa hazipo, angegonga ukuta.

Alfonsi kacheka mpaka kakaa chini.

Omega akauliza kimetokea nini. Emerensiana akasema, mguu haukufika, baba mkubwa.

Nikasema umefika. Kaogopa tu mteremko.

Omega akaandika kwenye karatasi yake: dereva aliogopa. Emerensiana alijipangusa pumba, akaitafuta kandambili yake moja, hakuiona. Akaenda kwake na moja.

Jumamosi, 12 Julai

Nimekwenda kwenye pumba kutafuta ile kandambili. Sio kwamba nina kosa. Nilikuwa napita.

Nimeipata. Nyembamba, imelika upande wa kisigino. Nikasimama nayo.

Nikaipeleka kwa Emerensiana. Yuko shamba. Viatu vyake vya misa vimeegemezwa mlangoni, vimefutwa vizuri. Nikatoa kamba nikapima kisigino. Vidole vitatu.

Nimepima mguu wa kanisani. Wa mashineni ni mwingine. Na mimi siku ya kujaribu nilikuwa na katambuga, tairi la lori lile.

Miaka hamsini nafunga vibao. Sikuwahi kumwambia mtu avue viatu nimpime. Zamani nani alikuwa navyo?

Kandambili nimeiacha hapo mlangoni, karibu na vile viatu.

Jumapili, 13 Julai

Misa. Nimetazama viatu vya wanawake mpaka padri kaniona.

Sijamwambia mtu.

Jumatatu, 14 Julai

Nimemwita Emerensiana. Kaja, kasimama mlangoni, hakukaa.

Nikamwambia vua, nikupime.

Akasema, ndiyo leo nivue?

Nikapima mguu mtupu, fundo jipya. Kibao kipya cha mninga, kimezidi kile cha kwanza vidole vitatu. Nikakikata pembeni kifuate unyayo wake. Kapanda, kakanyaga. Breki imeshika, guta limetulia kimya. Kakanyaga tena. Mgongo kwenye kiti, mikono kwenye hendeli, kakaa kama mwenye nyumba.

Akauliza, baba mkubwa, hiki nacho ni kibao cha mtu mwoga?

Nikasema kesho. Kesho utaona.

Jumanne, 15 Julai

Naandika hapa hapa mashineni, nimekalia gunia. Penseli ni ya Omega.

Wamechora mstari wa pumba chini ya mteremko. Akina mama wawili wa kwanza wamepita, wana miguu mirefu wale, hakuna ajabu. Zamu ya tatu Agnella akasoma karatasi. Akasema Emerensiana hayumo. Imeandikwa aliogopa, hatuwezi kuhatarisha guta. Ufunguo uko mkononi mwa Alfonsi, anauzungusha kwenye kidole.

Emerensiana hakumtazama Agnella. Alinitazama mimi.

Nikasimama. Magoti yananisumbua lakini nilisimama haraka. Nikasema karatasi hiyo ina uongo, na uongo ni wangu. Mguu haukufika. Alitaka kuvua viatu nikamkataza. Nimepima viatu vya misa.

Wakacheka wote, mpaka yule anayemimina mpunga.

Agnella akasema mzee Agapiti, tangu nikujue, leo ndiyo nakusikia umekosea.

Nikasema usizoee.

Omega kakata ule mstari, kaandika: kosa la vipimo. Nikamwambia aandike na jina la aliyerekebisha. Kaandika. Nimesoma mwenyewe, herufi zote ziko.

Alfonsi katoa ufunguo kwa vidole viwili, kama anashika mjusi. Akasema haya, tuone maombi. Amekwenda kusimama chini, upande wa pili wa mstari, kakunja mikono.

Emerensiana kavua kandambili, kanipa nishike. Magunia manne yamepakiwa.

Sasa ameanza kuja. Hakuna mlio, ni vumbi tu na kichwa chake juu ya hendeli. Mgongo umenyooka.

Mtu akibisha kwamba kosa lilikuwa langu na kibao nacho ni changu, amuulize Omega, ana karatasi. Amuulize Agnella, kasikia kwa masikio yake. Lakini aanze na Alfonsi. Hanipendi, na ndiye aliyesimama karibu na mstari kuliko sisi wote; guta limesimama mbele yake, na mpaka sasa hajasogea.