Mimi, Tarumbeta na Buti za Ngozi

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Buti zimefika. Kazileta Bosi Xaveri mwenyewe kwa pikipiki, boksi limefungwa nyuma kwa mpira wa tairi. Yeye ndiye msimamizi wa walinzi wote wa kampuni yetu huku kusini, na anagawa sare kama baba wa ubatizo anayegawa zawadi. Bereti, mkanda, buti. Hata boksi halijafunguliwa nikasikia harufu. Ngozi!

Nikamwambia buti sichukui. Mkanda pia.

"Zinakubana?"

"Sijazijaribu."

"Sasa nini?"

"Sivai ngozi, bosi. Nilikwambia siku ile naomba kuhamia Milola."

Alifikiri ule ulikuwa utani. Akacheka, akaweka boksi juu ya benchi. Akasema korosho zinaanza kuingia ghalani wiki hii, na Jumatatu ya tarehe ishirini na moja anakuja kukagua lindo. Anataka kuniona kwenye sare kamili. Na mbwa anataka kumwona amenenepa. Hapo akatoa kigunia cha utumbo mkavu, chakula cha Tarumbeta, mbwa wangu wa lindo. Umetoka machinjio.

Machinjio yale yale! Nililinda lango lile karibu mwaka mzima kabla ya kuja huku. Ng'ombe wanaingia, hatoki hata mmoja. Asubuhi moja ndama alikataa kuingia, akaja kusimama nyuma yangu, akanisukuma kwa pua kama anaulizia njia. Wakaniambia nimpeleke. Sikumpeleka. Wakampeleka wengine. Tangu jioni ile sili nyama, sili samaki, sinywi maziwa. Kwenye simu niliona wapo watu wengi wa namna hiyo, wanajiita vegani. Basi na mimi ni vegani. Mwanafunzi, lakini ni vegani.

Kigunia nimekizika nyuma ya choo. Imetosha!

Jumanne, 8 Oktoba

Tarumbeta kakifukua. Kala nusu. Kaja kulala mlangoni kwangu na ndevu zinanuka machinjio yote. Msaliti!

Mzee Shamte kacheka hadi kofia ikamdondoka. Tunalinda pamoja mchana, yeye mlango wa ghala, mimi lango kuu. Mmwera wa hapa hapa Milola, mtani wangu. Nimemwamkia shikamoo, kanijibu marahaba huku anajifuta machozi.

"Mmakonde anayekula panya leo anamkataa ng'ombe!"

"Na hao panya mnatuuzia ninyi Wamwera."

Akaniuliza kama nimekuwa Msabato. Hapana, Mkatoliki. Nimeokoka? Hapana. Mganga kanipa mwiko? Hapana, Mzee Shamte, nimekataa tu mwenyewe. Hilo ndilo halimwingii. Angesikia mganga angenielewa mara moja.

Kilichobaki kwenye kile kigunia nimempa jirani mwenye mbwa. Tarumbeta kuanzia leo anakula kwangu: dona, mbaazi, boga, karanga za kusaga. Kalamba sufuria mpaka imelia. Nani alisema mbwa lazima nyama?

Alhamisi, 10 Oktoba

Leo nimejifunza herufi moja.

Bereti niliona haina shida, nguo ni nguo. Mdogo wangu Stella, tunaishi naye na ni fundi cherehani, kaishika akaniuliza ni ya nini. Nikamjibu sufi. Najua sufi, nimelalia mito ya sufi tangu utoto, inatoka kwenye mti. Akachomoa uzi mmoja akauwasha kwa kiberiti. Nywele! Nyumba nzima inanuka nywele zilizoungua. "Hii si sufi, dada. Ni sufu." Ya kondoo!

Kwa hiyo na joto hili la Lindi kampuni inatuvisha kondoo kichwani. Na mimi nimekaa nayo siku nne najiona msafi. Kila ninachoshika kuna mnyama ndani yake. Jana biskuti, maziwa. Leo bereti. Kesho sijui nini, labda gundi.

Stella ananishonea nyingine kwa kitambaa cha kaki kilichobaki kwenye sare za shule. Ananung'unika huku anapima kichwa. Anasema hanielewi, na mbwa wangu anakula vizuri kuliko yeye. Lakini mbaazi anaziunga yeye, kwa nazi, nyanya na vitunguu tele kama anapikia harusi, na mimi namchotea Tarumbeta humo humo sufuriani. Anajifanya haoni.

Halafu nimekwenda kwa Hussen fundi viatu. Yeye hushona makatambuga ya matairi. Nimemuuliza kama anaweza kunishonea buti: chini tairi, juu turubai jeusi la lori, kamba za nailoni, ngozi hata kipande hapana. Kaniangalia sana.

"Dada Bena, nani kakukasirisha?"

"Buti, Hussen. Utaweza?"

"Mimi siwezi? Lete mguu."

Jumamosi, 12 Oktoba

Malori mawili ya korosho. Vumbi. Tarumbeta hakubweka kwa lolote. Kainua kichwa, kakirudisha chini. Mzee Shamte: "Mbwa wako kafunga?" Nimemwambia ni joto.

Ni joto.

Jumapili, 13 Oktoba

Si joto.

Katapika mara mbili. Anasimama anayumba. Nimemfunua mdomo, fizi nyeupe kama nazi. Mkojo wake rangi ya chai ya rangi. Kanisani sikwenda. Nimekaa naye kivulini, namdondoshea maji kwa kiganja.

Stella katoka nje, kasimama, kasema kwa sauti ndogo: mpe nyama, dada. Nimemfokea. Sikumbuki nilimwambia nini, alirudi ndani.

Mzee Shamte si zamu yake leo lakini kapita. Mbwa hamgusi, ana sala zake. Alichuchumaa mbali kidogo akamtazama muda mrefu. Nilisubiri utani. Hakutania. Kasema ana namba ya Bwana Romani wa mifugo, nimpigie.

Na kama ni mimi? Kama ni ubishi wangu unaomuua? Huyu hakuchagua kuwa vegani. Nilimchagulia.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu, ofisi zimefungwa, lakini Bwana Romani kaja, na kandambili na jezi ya mpira. Kampima joto, kamfunua macho, kauliza anakula nini. Nikamhesabia kwa kujidai kidogo. Hata katika hali ile najidai!

"Mbaazi unaziungaje?"

"Nazi, nyanya, vitunguu."

"Vitunguu vingi?"

"Vingi."

Kashika kichwa. Vitunguu ni sumu kwa mbwa, anasema. Vinaharibu damu kidogo kidogo, huoni mpaka siku anaanguka.

"Kwa hiyo si kwa kukosa nyama?" Ndilo neno la kwanza lililonitoka. Naliandika hivyo hivyo lilivyotoka.

Alinijibu bila kupamba. Mbwa anaweza kuishi bila nyama, kama anayempikia anajua anachofanya. Mbwa si paka. Paka ukimfanyia hivi unamuua moja kwa moja. "Mbwa nakubali. Lakini wewe, dada, ulikuwa hujui unachofanya."

Kampiga sindano. Kasema maji mengi, vitunguu marufuku, na kwa siku chache za mwanzo nimpe maini ili damu irudi.

"Hakuna kingine?"

"Kipo. Kinachelewa. Unataka kuchelewa?"

Jumanne, 15 Oktoba

Nimekwenda buchani.

Nimesimama kwenye foleni kama watu wengine. Muuza nyama akapaza sauti: "Ee, mla majani karudi!" Watu wakageuka. Nikamwambia ni ya mgonjwa. Mgonjwa gani? Mgonjwa wangu. Kakata, kafunga kwenye gazeti, na gazeti likalowa njiani, likanilowesha vidole. Nilitembea mkono nimeunyoosha mbele.

Nimechemsha nje, si kwenye sufuria zetu. Nimekatakata vidogo. Tarumbeta kala kutoka mkononi mwangu, polepole, halafu haraka. Mkia umegonga chini. Mara ya kwanza tangu Jumamosi!

Nimelia kidogo. Basi, nimelia.

Mzee Shamte kasema, "Sasa umerudi kwa wenzako." Nimemwambia sijarudi popote. Dawa ni dawa. Mimi sijala na sitakula. Anayetaka kunicheka aje anicheke hapa langoni, saa za kazi. Na wale wa kwenye simu watakaosema mimi si vegani kamili, waje wao wamtazame fizi.

Jioni nikamwomba Stella radhi. Kasema vitunguu vile alikata yeye. Nikamwambia niliyechota ni mimi. Tumekula ming'oko, vile viazi vya porini, sahani moja.

Ijumaa, 18 Oktoba

Kabweka! Bodaboda kapita tu, Tarumbeta kamtangaza kijiji kizima.

Fizi zinarudi rangi. Bwana Romani kaja tena, kasema maini sasa basi, kanieleza chakula: dona, mbaazi au choroko zilizoiva mpaka zinapondeka, boga, karanga, mafuta kidogo, chumvi hapana. Atampima kila mwezi, na akimwona anapungua ataniambia, na mimi nitasikia. Tumepeana mikono kwa hilo. Kaniuliza tena mara mbili kama nitasikia. Nimesema nitasikia. Vitunguu Stella kavihamishia kwenye kapu la juu kabisa, kama sumu ya panya.

Buti za Hussen zimekwisha! Nyeusi, nzito, nyayo bado zina meno ya tairi la Fuso. Hazinuki kitu isipokuwa lori. Nimetembea kutoka kwake hadi ghalani, watoto wa shule wakaimba kushoto-kulia, kushoto-kulia nyuma yangu. Nikapiga saluti.

Mzee Shamte kazikagua, kabonyeza kwa kidole. Kauliza Hussen anashona saizi yake pia? Miguu yake inaungua kwenye zile za kampuni, anasema. Ila si kwa ajili ya ng'ombe, nisije nikajisifu.

Jumapili, 20 Oktoba

Misa. Nimevaa buti mpya hadi kanisani, potelea mbali.

Kesho Bosi. Bereti ya kaki nimeipiga pasi. Mkanda Stella kashona wa turubai lile lile, bizimu yake kang'oa kwenye begi bovu. Boksi la kampuni bado lipo chini ya benchi, buti zake sijazigusa. Tarumbeta mbavu zinaonekana bado. Hilo silifichi.

Nikifukuzwa? Nimejiuliza kwa makini. Nikifukuzwa nitalima ufuta na Mama kule Newala. Lakini sitaki kufukuzwa. Naipenda kazi hii. Nalinda vizuri, hakuna gunia lililowahi kutoka hapa kwa mlango wa nyuma zamu yangu. Kwa nini niondoke mimi?

Jumatatu, 21 Oktoba

Naandika nikiwa langoni. Bosi Xaveri yuko hapa. Nitaandika haraka.

Kaja na gari safari hii, pikapu ya kampuni na dereva. Kashuka, kanitazama kuanzia juu. Bereti. Mkanda. Buti. Kainama akaziangalia karibu. "Nani kashona?" Hussen. "Kazi nzuri," kasema. Nikafurahi mapema. "Vua. Vaa za kampuni."

Nikasema hapana.

Kasema mkataba unasema buti nyeusi. Nikamuuliza, kwani hizi ni nyeupe? Kasema za ngozi. Nikamwambia nimeusoma mkataba jana usiku na Stella, unasema buti nyeusi imara, neno ngozi halimo. Kakunja uso. Kasema yeye ndiye mkataba hapa kusini.

Halafu kamwona Tarumbeta, na mbavu zake. Nikamweleza yote, vitunguu, sindano, maini, sikuficha. Nikamwambia nilikosea upishi, si nia. Kasema ndiyo maana mbwa anahamishwa. Leo. Anapelekwa machinjio, huko atakula mpaka asinzie. Na mimi nichague: buti za kwenye boksi au nikabidhi ufunguo wa lango.

Machinjio! Tarumbeta wangu pale langoni!

Nikasema ufunguo sitoi na mbwa hapandi.

Kamwita Mzee Shamte. Mpakie mbwa kwenye gari. Mzee Shamte kamjibu kwa adabu kubwa: "Samahani bosi, nina udhu."

Saa tatu asubuhi! Udhu wa sala gani? Sikumtazama, ningecheka.

Kamwita dereva. Dereva kapandisha kioo.

Kajaribu mwenyewe. Hatua chache tu. Tarumbeta kasimama, na damu yote aliyorudishiwa kaitia kwenye koo, kabweka. Bosi karudi nyuma ya pikapu.

Sasa hivi yuko juu ya bodi ya gari anatafuta mtandao, anapiga simu ofisini Lindi. Na nje ya lango limefika lori la korosho kutoka Kitomanga, limejaa hadi juu, wenye mali wamekaa juu ya magunia na jua kali. Honi. Honi tena. Bosi kapiga kelele kutoka juu ya gari: fungua lango!

Nikamuuliza: nifungue kama nani? Kama ni mlinzi, naja sasa hivi na buti zangu hizi. Kama si mlinzi, lango silijui.

Kageukia simu yake. Mama mmoja juu ya magunia anauliza kuna nini. Mzee Shamte kamwambia, "Mambo ya viatu." Kisha kabeba kigoda chake kutoka mlango wa ghala, kaja kukaa huku upande wangu. Kaacha nafasi kati yake na mbwa, nguo zisiguswe. Lakini kakaa.

Bosi anashuka. Boksi hakushika. Ameshika simu, ananinyooshea. "Mkubwa wa kampuni anataka kuongea na wewe mwenyewe." Uso wake siwezi kuusoma.

Nimemwambia Bosi asubiri kidogo, naandika: buti sivui, na mbwa hapandi.