Namba ya Kodi na Mlenda wa Nkuhungu

Dada Zuhura, shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila upepo wa Dodoma unatulisha vumbi.

Ile kampuni ya Wadenishi ya kununua alizeti za Mlali haiwezi kufungua bila namba ya mlipa kodi, na isipofungua, sina kazi ya jikoni. Hati za kwao walishapeleka, ikabaki afisa wa kodi aje aone kama kweli tuna ofisi hapa Nkuhungu. Jana akaja, akakuta nimetenga ugali na mlenda. Nikamwambia, "Karibu baba, nawa mikono."

Bosi wangu, Mdenishi mwenyewe, akawa mwekundu, akaninong'oneza, "Mama, hiyo ni rushwa, tutanyimwa namba."

Kumbe afisa kasikia. Akacheka, "Rushwa ya mlenda, mzee? Ungekuwa kuku ningeogopa." Akakagua chumba, meza na kibao cha mlangoni, akaandika kwanza, ndipo akanawa. Bosi naye akaketi, mlenda ukamning'inia ndevuni.

Namba imetoka leo asubuhi. Kazi ninayo, dada yangu. Nakuombea kila sala. Nijibu mapema, hata mistari miwili.

Mdogo wako, Mwajuma