Chapati Sita Kabla ya Wimbo

Mjukuu wangu Mwende,

Hapa Kasikeu tuko salama, na kunde zimeshika majani. Umeuliza kwa nini Krismasi naanza na mboga, nyama baadaye.

Miaka ya sabini mimi ndiye niliyekuwa nikianzisha nyimbo za kwaya kanisani. Krismasi moja, kabla ya ibada ya mchana, nilipitia nyumba tatu, nikala chapati sita na nyama ya mbuzi. Kunde nilizisukuma kando. Niliposimama kuimba, pumzi ilikataa, nikabeua mbele ya mchungaji. Msichana mmoja akaudaka wimbo, akaumaliza bila kunitazama. Yeye alikuwa amekula chapati moja na kunde tele.

Mwaka uliofuata nikapeleka mbuzi wa mahari kwao. Ndiye nyanya yako, na hadi leo chakula changu anakipakua yeye, kunde kwanza.

Babu yako,
Mutua