Milimita Ishirini na Mbili

Kwako Dada,

Sisi hatujambo. Mama anasema umeadimika.

Kazi uliyonitafutia kwenye shamba la utafiti wa malisho naipenda. Kila asubuhi nasoma kipimamvua, kisha nahesabu machipukizi ya nyasi. Mvua ikiwa haba, nyasi huchomoza lakini mizizi haishiki. Ng'ombe wakizing'oa, mwakani huota miiba mitupu. Ndiyo maana lango la malisho halifunguliwi mpaka mvua ifike milimita ishirini.

Dada, Jumanne niliogopa radi, sikwenda kupima. Nilikisia tu, nikaandika ishirini na mbili. Leo nimechimba: udongo umelowa kina cha kidole kimoja, chini ni vumbi.

“Msomi wetu, umetuletea neema!” msimamizi wa shamba alinitania jana mbele ya wafugaji. Kesho lango litafunguliwa, na baba atatangulia na ng'ombe wetu wote.

Mara tatu nimefika mlangoni kwa msimamizi, nikageuka bila kubisha. Basi nimemwandikia ukweli kwenye karatasi, nikaipenyeza chini ya mlango. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la nje.

Kiti chake kimesogea. Anakuja.

Mdogo wako mwoga