Nipeni Mji

Kwa kaka yangu mpendwa,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba macho hayakusumbui tena kwa ule moto wa kuchomelea. Mama ananiambia nikuulize kama ile miwani ya kazi unaivaa machoni au unaipachika kichwani kama pambo. Sisi huku hatujambo. Mgongo wa baba umepata nafuu, ingawa bado akiinuka kwenye kiti huinuka kwa awamu, kama anayefikiria upya. Cherehani ya mama ilikatika mkanda, ikatengenezwa, na sasa inapiga kelele zake za siku zote. Barua hii nampa yule mwenzako wa hapo darajani mnakojenga, aliyekuja kumwona mkewe. Ameahidi kukukabidhi mkononi, lakini ukiikuta imekunjwa ovyo usinilaumu mimi.

Nina habari njema, kaka, na nimeona nikuandikie yote kwa utaratibu, kwa sababu ukisimuliwa na mama utasikia mwisho kabla ya mwanzo.

Kama ulivyosikia, ukuta wa shule yetu ulipata ufa, mafundi wakaingia, na tangu muhula uanze tunasoma kwa simu. Sasa simu zenyewe si zetu. Ni za wazazi, za shangazi, za majirani, na jina linalotokea kwenye kioo ni la mwenye simu. Kwa hiyo mimi darasani naitwa Fundi Cherehani. Kuna mvulana anaitwa Fundi Bomba kwa sababu ya baba yake. Kuna msichana mwenye sauti nyembamba kama uzi ambaye jina lake ni Baba Mapacha. Mwalimu akisema, "Baba Mapacha, tusomee ubeti wa pili," anayesoma ni huyo msichana, na siku za kwanza tulicheka mpaka tukachoka. Lakini tulicheka kila mtu peke yake, vipaza sauti vimezimwa. Ndiyo hali tuliyokuwa nayo. Kamera zimefungwa, sauti zimefungwa, mwalimu anaongea na vijisanduku vyeusi.

Mwalimu wetu wa Fasihi tunamwita Madamu Haya, kwa kuwa kila sentensi yake huanza na neno hilo. Ni mgeni shuleni na hajawahi kutuona kwa macho, nasi hatujawahi kumwona ila kwenye kioo. Aliona darasa limepooza, akaanza kutuletea michezo ya kutuchangamsha kabla ya somo. Mara ya kwanza alisema kila mtu ataje mnyama ambaye angependa kuwa. Kimya. Alipomtaja Fundi Bomba kwa jina, akajibu kwamba angependa kuwa samaki, ili asiulizwe maswali. Mara nyingine alitaka kila mtu aseme mambo mawili ya kweli na moja la uongo, tukisie uongo ni upi. Mmoja akasema yote matatu ya uongo, akijitetea kwamba hakuelewa. Nilimwonea huruma sana Madamu. Alikuwa anacheka peke yake, halafu anasema, "Haya, tuendelee," kwa sauti ya mtu aliyebisha hodi nyumba isiyo na watu.

Na mimi, kaka, unanijua. Majibu nilikuwa nayo. Hata mnyama nilikuwa naye. Lakini wewe unajua kigugumizi changu kinavyoshika koo mbele za watu, nami niliona ule weusi wa kwenye kioo ni zawadi. Nilijificha humo kama panya kwenye gunia.

Ndipo Mwalimu Mkuu akatuma tangazo. Alisema Fasihi ni somo la hiari, waliojiandikisha wengi hawaonekani, na wanaoonekana hawasemi. Akasema mwisho wa mwezi ataingia mwenyewe darasani kusikiliza. Akikuta ukimya anaousikia kwa watu, somo litafutwa na sote tutahamishiwa Biashara. Nilisoma tangazo lile mara nyingi nikitafuta neno lenye nafasi ya kupumua, sikuliona. Sina ugomvi na Biashara, lakini wewe mwenyewe ndiye uliyeninunulia kitabu changu cha kwanza cha hadithi. Shule nzima nina chumba kimoja tu ambacho nikiingia najiona mtu, nacho ni Fasihi. Usiku ule sikula, na mama akadhani ni malaria.

Sasa sikia kilichotokea. Asubuhi moja Madamu Haya alikuwa anafafanua tamathali za usemi, sisi kama kawaida kama makaburi. Baba Mapacha alisahau kuzima kipaza sauti. Nyuma yake wadogo zake, wale mapacha wenyewe, wasichana ambao hata meno ya mbele bado hayajarudi, walikuwa wanacheza. Mmoja akapiga kelele: "Kitendawili!"

Kaka, ukilelewa kama tulivyolelewa, neno hilo huwezi kuliacha likining'inia. Nusu ya darasa walifungua sauti kwa pamoja bila kufikiri, wakajibu: "Tega!" Hata mimi. Kidole changu chenyewe kiligusa kioo. Sauti yangu ilitoka imenyooka, haikukwama popote. Halafu tukashtuka sote. Hatukujua tuko wengi namna ile.

Baba Mapacha akaanza kuomba radhi, anamfukuza mdogo wake. Madamu Haya akamkataza. Alisema yule mtoto ameshaitikiwa, kwa hiyo ana haki ya kutega. Mtoto akatega: "Bibi yangu anakula kwa kamba." Watu wakakimbilia mbuzi. Akasema si mbuzi. Ng'ombe, akasema si ng'ombe, na kwamba sisi wakubwa hatuna akili. Tukashindwa. Akataka mji kama ilivyo desturi. Madamu akampa mji mmoja mkubwa unaojulikana, mtoto akaukataa, akasema huo alishapewa jana na hakuupenda. Tukampa mingine, yote akaikataa. Ndipo Fundi Bomba, yule samaki wetu, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye hana mji, ana ngazi anayoikalia tu, kama mtoto anaitaka aichukue. Mtoto akauliza ngazi yenyewe ikoje. Fundi Bomba akafungua kamera, akamzungushia.

Nikaona reli ya chuma iliyopinda, na ukutani moyo wa chaki uliofutwa nusu. Ule ule, kaka, ambao baba alikuuliza kama ni wewe uliyeuchora, ukaapa si wewe. Kumbe Fundi Bomba alikuwa anasomea kwenye ngazi za jengo letu, hatua chache chini ya mlango wetu. Yeye na wazazi wake wamehamia chumba cha nyuma uani, wana mtoto mchanga, na ngazini ndiko anakopata utulivu. Muhula mzima alikuwa anakaa chini ya mlango wetu nami sijui.

Mtoto akaipokea ngazi. Hapo Fundi Bomba akakumbuka jibu, akataka kulisema, lakini yule mtoto akamkatiza kwa ukali kwamba mji ukishatolewa hakuna anayeruhusiwa kutia neno, neno ni la mwenye mji mpaka alimalize. Ndipo akasema taratibu, kwa madaha: alikwenda ngazini, akapokewa vizuri, watu wote wakamwambia bibi ni simu ikiwa kwenye chaji. Darasa likapiga makofi. Mama, aliyekuwa anapinda suruali ya mteja, alisimamisha mguu kwenye cherehani akaniuliza leo tunasoma nini.

Tangu siku hiyo Madamu Haya aliacha wanyama na uongo. Kila somo lilianza kwa kitendawili kimoja, lazima kiwe kipya, umekitunga mwenyewe. Darasa likishindwa, mmoja anatoa mji, na mji ni pale alipokaa, kamera wazi. Na ile kanuni ya mtoto ikawa sheria ya darasa: ukishapewa mji, hakuna wa kukudakia neno. Tukatembelea miji, kaka, we acha tu. Mmoja alitupa saluni, amekaa chini ya kikaushio cha nywele kwa kuwa ndipo penye kiti. Mwingine alitupa kiti cha nyuma cha gari bovu la mjomba wake, tukajua kwa nini sauti yake huwa kama ya mtu aliye ndani ya debe. Msichana mmoja alitupa stoo ya duka la dawa, akakiri kwamba huwa anapotea katikati ya somo kwa sababu bando linaisha. Kesho yake wenzake wakawa wanamtumia vipindi vilivyompita wakivisoma kwa sauti. Mama naye alimpelekea Fundi Bomba kigoda, akamwambia ngazi ya simenti si kitu cha kukalia mtoto wa watu. Waliokuwa hawaonekani wakaanza kurudi. Fasihi nayo tulisoma kweli, maana mtu aliyekwisha kukuonyesha stoo yake hashindwi kukuambia shairi limemchosha.

Mimi nilikuwa sijatega. Nilijibu tu, neno moja moja. Madamu hakunisukuma. Lakini siku ya Mwalimu Mkuu ilipofika zamu ilikuwa yangu, na nilipomwomba anibadilishie alisema, "Haya, nikikubadilishia leo, kesho utaniomba nini?"

Nilikaa kwenye meza ya kukatia nguo, kamera wazi, mama akiwa amezima cherehani na kusimama mlangoni kuzuia wateja. Mwalimu Mkuu akaingia kwa sauti yake nzito, akasema tumchukulie kama hayupo, jambo ambalo haliwezekani. Madamu akanitaja. Nikasema "Kitendawili," na usiniulize nilitumia muda gani kuivuka ile K. Wakaitika kwa pamoja, nikahisi kama mtu amenishika mkono. Nikatega: "Nyumba yangu ina madirisha mengi, yote yana pazia jeusi, lakini ndani wanacheka."

Wenzangu walikisia hiki na kile, nadhani wengine kwa makusudi. Mwalimu Mkuu hakuweza kujizuia, akasema hospitali. Nikasema siyo. Nikataka mji, na Madamu akaamua kwamba mgeni ndiye atakayetoa. Mwalimu Mkuu akafungua kamera. Alikuwa ofisini peke yake, meza imefunikwa turubai, ndoo za rangi nyuma yake, vumbi hadi kwenye nyusi. Akatazama huku na huku, akasema, "Basi, nakupa shule."

Nikaanza. Nilikwenda shule, nikapokewa vizuri, watu wote wakaniambia jibu ni d. D. D. Niliona midomo ya Mwalimu Mkuu inanisaidia kama watu wema wote wanavyonisaidia. Akasema duka. Nikatikisa kichwa. Akasema, kwa upole kabisa, daftari. Na mimi, kaka, nilikuwa tayari kukubali. Daftari halikuwa jibu, lakini lilikuwa limekwisha kusemwa, na ningepumzika.

Ndipo ikatoka ile sauti nyembamba kama uzi. "Mwalimu, mwache. Bado hajamaliza."

Mwalimu Mkuu akafunga mdomo. Nami nikachukua muda wangu wote, maana ulikuwa wangu, mji nilishapewa. Nikasema: "Darasa la Fasihi."

Kwanza Baba Mapacha akafungua kamera. Halafu Fundi Bomba kwenye kigoda chake. Halafu saluni, gari bovu, stoo, na mmoja aliyetuonyesha dari na paji la uso tu. Kioo kizima kikajaa watu. Madamu Haya alifungua mdomo kusema haya, haikutoka.

Mwalimu Mkuu alikaa mpaka mwisho wa somo, akabishana na Fundi Bomba juu ya shairi, akashindwa. Kisha akatangaza kwamba Fasihi haigusiki, na kwamba walimu wengine wataingia darasani kwetu kujifunza. Akaongeza kwamba mimi nimrudishie shule yake kabla mafundi hawajamaliza kupaka rangi. Nilimjibu nitafikiria. Nilimjibu mwenyewe, kaka, sentensi nzima. Mama mlangoni akamwambia mteja kwamba suruali yake itakuwa tayari kesho, leo ana shughuli, huku akijifuta macho kwa kitambaa cha mtu.

Sasa kuna jambo ambalo sijawahi kukuambia. Wewe ndiye mtu wa kwanza kunimalizia maneno. Tangu utoto, dukani, kwa wageni, mbele ya baba. Ulifanya kwa upendo, na mara nyingi ulipatia. Lakini kuna mara hukupatia, nami nikalichukua neno lako kwa sababu lilikuwa jepesi kuliko langu. Nilipofaulu mtihani ukaniuliza nataka zawadi gani, nikaanza "ki", ukasema kikombe. Nilitaka kitabu. Hukuwa na kosa, ni kikombe kizuri na bado nakinywea chai. Lakini siku unaondoka, pale kituoni, mkoba ukiwa begani, nilikushika shati nikaanza "usi". Ukasema usisahau zawadi, na watu wote wakacheka, nami nikacheka nao. Nilitaka kusema usiende.

Sikuambii ili urudi. Daraja lako likamilike, nasi tutakuja kulivuka. Nataka tu neno lile ulipate kama lilivyokuwa, maana limekaa kwangu muda mrefu na lilikuwa lako.

Baba, mama na Fundi Bomba, ambaye sasa anakula kwetu kama ndugu, wanakusalimu sana. Wasalimie wote hapo kambini, na yule mpishi wenu anayetia chumvi mara mbili. Jumapili ukipiga simu, simu nitapokea mimi. Nikianza kusema kutakuwa na kimya. Usidhani mtandao umekatika, na usikate. Ni mimi, nakuja.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba