Bakuli la Maige

Geita, 3 Septemba 2023

Dada Apolonia, shikamoo. Watoto hawajambo? Mimi nakula, nashuka duarani kuchimba kama kawaida. Ndiyo maana nilidhani mimi ni mzima.

Nilikwenda kumtolea damu mwenzetu aliyeangukiwa na mwamba. Hospitalini wakaikataa. Nina homa ya ini B. Kipimo kimoja kilionyesha kirusi kimetulia, nikafurahi, lakini daktari akapeleka damu Mwanza. Kumbe kirusi changu kimebadilika kwa miaka mingi. Kinajificha kwenye kile kipimo huku kikiendelea kuongezeka. Cha namna hiyo, alisema, huzidisha hatari ya saratani ya ini. Nimeze kidonge kila siku, na kila miezi sita ini lipigwe picha.

Kambini wamenitengea bakuli. Wananiita Mheshimiwa, eti nala peke yangu. Nyumbani sitakuja, dada. Una watoto.

Mdogo wako,
Maige

Ushetu, 17 Septemba 2023

Mdogo wangu, marahaba. Hatujambo, miche ya tumbaku imeshaota kitaluni.

Barua yako niliisoma mara tatu, kisha nikafungua shajara yangu ya kidato cha pili. Ijumaa, 14 Agosti 2009: "Mganga katuchanja chale za kinga. Wembe mmoja. Mama, mimi, Maige. Maige hakulia." Na mama alipofariki tumbo limejaa maji, tulimtafuta mchawi.

Juzi nilipima. Ninacho pia. Nesi anasema huenda ni ule wembe, huenda tulizaliwa nacho, hakuna ajuaye. Watoto walipata chanjo wakiwa wachanga, na amewapima, hawana. Nilipomuuliza habari ya kula pamoja alicheka. "Hakipiti kwenye ugali, Mama Violeth."

Njoo.

Dada yako,
Apolonia

Ushetu, 2 Februari 2024

Maige, hujambo? Simu yako haipatikani tangu Krismasi. Sisi wazima, tunakausha tumbaku.

Picha yako ya ini ni tarehe 4 Machi. Nimeiandika kwenye shajara, juu ya ile yangu. Usiikose hata kama hutaki kuniandikia.

Watoto wakisikia pikipiki wanakimbilia barabarani. Nawakemea wakae, kisha nachungulia mwenyewe.

Dada yako,
Apolonia

Geita, 21 Machi 2024

Dada, shikamoo. Poleni na kazi.

Simu iliingia maji, lakini hiyo ni nusu ya ukweli. Vidonge niliacha Desemba, kwa kuwa sikuumwa popote, na sikujua nikuambieje. Barua yako iliponifika nikaanza tena, na tarehe 4 nikaenda.

Wameona kivimbe, ukubwa wa punje ya karanga. Miaka tisa nachimba nikitafuta kipande cha dhahabu cha ukubwa huo. Daktari anasema tumewahi, kinaweza kukatwa. Nalazwa Mwanza tarehe 2 Aprili. Picha yako je, imeonyesha nini? Utaniambia ana kwa ana.

Jumamosi tarehe 30 nitashuka Kahama, nipande pikipiki hadi kwako. Kama michembe ya viazi vitamu ipo, ipike na karanga. Usinipakulie pembeni.

Mdogo wako,
Maige