Nafula Alilala Mpaka Saboti

Kitale,
Jumapili, baada ya kanisa.

Kwa Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama na nyumba yote. Mgongo unasemaje? Nauliza huo kwanza kabla ya mahindi na ng'ombe, kwa sababu Mjomba Simiyu alipopita hapa aliniambia siku hizi ukitoka kanisani unasimama mlangoni ukishika kiuno, halafu unajifanya unaongea na watu. Mimi sidanganyiki, Baba. Hapa tuko wazima. Nafula ameota jino la pili na analijaribu kwenye bega langu. Silali vizuri, macho yangu yamekuwa mekundu kama ya mtu wa kuchoma makaa, lakini nakula, na mvua ikinyesha nyumba haivuji.

Mjomba alinipa ujumbe wako wote, hakuacha kitu. Kwamba mwaka usiishe kabla sijarudi nyumbani. Kwamba mtoto aletwe kwa Mama, na mimi niache hii kazi ya kulala chini ya magari na wanaume, kwa sababu watu wanakuuliza kama ni kweli na wewe huna la kuwajibu. Sikumjibu Mjomba. Ningeomba simu yake nikupigie, lakini ile simu inataka mtu apaze sauti, na maneno haya si ya kupigiwa kelele katikati ya soko. Watu husema Kitale na Bungoma ni jirani. Kwa mwenye gari, ndio. Kwa mtu mwenye mtoto mgongoni na kazi mpaka Jumamosi, ni kama ng'ambo. Kwa hivyo nimeandika. Nakuomba usikie barua yote kwanza, halafu ukasirike kama bado utataka.

Unajua nilivyoingia kwa Mzee Ndung'u. Baba Nafula alipovuka mpaka wa Uganda pale Suam kutafuta biashara na asirudi, mimi nilikuwa nauza chai na mandazi kwenye lango la gereji yake. Siku moja aliniomba nimshikie taa. Siku nyingine spana. Kabla sijajua, mtu mwingine alikuwa anauza chai pale langoni na mimi nilikuwa ndani nanuka grisi. Aliyenifundisha ni Barasa, fundi wa springi, mtu wetu wa Naitiri. Springi unazijua, vile vyuma vilivyopindwa kama upinde, kirefu juu, vifupi chini, vikafungwa pamoja vibebe gari juu ya ekseli. Trekta yako ya miwa haikuwa nazo chini ya kiti chako. Miaka yote ile kila shimo la shamba lilikuwa linakuja moja kwa moja kwenye mgongo wako. Nilikuwa sijui. Nilijua tu kwamba jioni unalala kifudifudi kwenye mkeka na kuniita nikukanyage.

Sasa nikupe habari yenyewe.

Kuna mzee mmoja mstaafu wa jeshi upande wa Saboti, sisi tunamwita Meja tu. Baba yake bado yuko hai, amezeeka sana. Huyo baba alichukuliwa akiwa kijana kwenda vita vya Wazungu, akawa dereva wa zile jeep ndogo zisizo na milango, huko Burma. Meja alikuwa na hamu moja, baba yake apande gari kama ile kabla hajaondoka duniani. Za kweli huku hakuna, na zilizopo zimeliwa na kutu. Akasikia kwamba ng'ambo kuna watu wanaotengeneza mfano wake. Bodi, chesisi, viti, hata mahali pa kufungia koleo ubavuni, kila kitu kipya lakini kwa sura ya zamani. Wanakutumia vipande kwenye masanduku ya mbao, wewe unatafuta injini na ekseli za gari ndogo kuukuu, unaunganisha mwenyewe. Meja akaagiza, na masanduku yakashushwa kwa Mzee Ndung'u. Baba, nusu ya Kitale ilikuja kuchungulia. Kuna mama aliniuliza ati ni jeneza la nani.

Tuliiunganisha vizuri. Mimi nilipaka rangi, kijani ya majani ya kabichi yaliyochoka, na boliti nyingi za bodi ni mkono wangu. Tulipofika kwa springi ndipo tukaharibu. Zile zilizokuja sandukuni zilikuwa nyembamba na chache. Barasa alinyanyua moja kwa mkono mmoja akacheka, akasema hizi ni za kitanda, bana. Tulicheka wote, na mimi nikiwemo. Unajua huku. Mtu akinunua pickup, kabla hata hajaiosha anaileta iongezwe springi, kwa sababu kesho ni mahindi na keshokutwa ni viazi vya mlimani, na hakuna anayesema magunia yametosha. Kwa hivyo tulifanya kama tunavyofanya kila siku. Tulitoa vyuma kwa pickup iliyokufa, tukaviongeza chini ya vile vyembamba, tukaweka na shoksi, zile za kutuliza mruko wa springi, za hiyo hiyo pickup. Hakuna aliyeuliza swali. Gari ikasimama juu kama jogoo, na sisi tukaizunguka tukiisifu.

Siku ya kuijaribu, Meja alimleta baba yake. Mzee alikuwa amevaa koti la zamani na medali zake. Wakamkalisha mbele. Mimi nikaambiwa nikae nyuma nisikilize kama kuna kitu kinagonga, na kwa sababu msichana anayenishikia Nafula alikuwa ameenda kwao, nikapanda na mtoto mgongoni. Tukashika njia ya Saboti.

Baba, ile gari iliruka kama mbuzi. Kila shimo lilitutupa juu, na kabla hatujakaa lingine likatutupa tena. Mzee alikuwa ameshika mbele kwa mikono miwili. Nafula aliamka akalia, akanitapikia maziwa shingoni. Hatukufika mbali. Mzee aligonga bega la mwanawe, gari ikasimama, akashuka peke yake polepole na kwenda kusimama kando ya barabara, mkono kiunoni, akiangalia mlima. Vile alivyosimama, nilikuona wewe ukishuka kwenye trekta.

Meja hakutupigia kelele. Alisema tu kwamba mzee wake amealikwa Bungoma kwa sherehe ya wazee waliopigana vita, na kama gari haiwezi kumfikisha bila kumvunja, ataibeba kwa lori aipeleke Nairobi kwa watu wanaojua. Tuliporudi gereji kila mtu alikuwa na sababu yake. Barasa alisema gari haina makosa, makosa ni ya barabara, na tukiongeza chuma kimoja itatulia. Mzee Ndung'u, ambaye mara nyingi ni mpole, alinigeukia mbele ya wote. "Na wewe, hii ni gereji, si kliniki. Siku utakayokuja tena na mtoto, beba na vitu vyako."

Na ujumbe wako nilikuwa nimeupata wiki hiyo hiyo. Nilisema moyoni, basi, wazee wawili wamekubaliana, wanataka nirudi.

Nafula alikuwa analia njaa. Nikapanda nyuma ya ile jeep nimnyonyeshe, kwa sababu hakukuwa na mahali pengine safi. Nilipokaa nikasikia kitu, au niseme sikusikia kitu. Gari haikushuka hata kidogo. Ukikaa juu ya gari nzima, inakuitikia, inashuka kidogo halafu inatulia. Hii ilikuwa kama kukaa juu ya jiwe. Nikamwita Barasa akae kando yangu, na unajua Barasa alivyo mtu mzito. Wapi, haikushuka.

Nikamwuliza, "Barasa, hii gari itabeba nini?"

"Si watu?"

"Wangapi?"

"Wanne hivi."

"Na magunia?"

Aliinama ubavuni akachungulia springi. Halafu akaanza kucheka kwa tumbo lake lote mpaka Nafula akaacha titi amwangalie. "Wacha weh, mama Nafula. Tumeitengenezea mahindi ya shamba zima, na inabeba mzee mmoja na fimbo yake."

Ni yeye aliyekwenda kwa Mzee Ndung'u, mimi sikwenda. Alimweleza yote, na akamalizia kwamba mtoto anatakiwa kwa kazi. Akilala, gari iko sawa. Akiamka, bado. Mzee Ndung'u alinung'unika sana kwa Kikuyu, nikaona ni afadhali sielewi. Mwishoni akasema, "Basi mpandisheni huyo mkaguzi."

Tukaanza kutoa vyuma, kimoja kimoja, na kila tukitoa tunapanda, Barasa kwa usukani, mimi na Nafula nyuma. Anaamka, tunarudi. Tulipotoa vyote tulivyoongeza, akalala, lakini sasa gari ilikuwa inalala pamoja naye. Kwenye kona inaegemea kama mlevi, na kwenye tuta chesisi inagonga chini. Kwa hivyo tukarudisha chuma kimoja, chembamba, nikachonga ncha zake kwa mkono zisikwaruze cha juu yake, nikapaka grisi katikati. Shoksi za pickup tukazitoa, tukaweka za gari ndogo. Na kuna jambo Barasa alinifundisha ambalo sitalisahau. Zile boliti zinazoshika springi kwenye chesisi zinakazwa gari ikiwa imesimama chini na uzito wake. Ukizikaza ikiwa inaning'inia kwa jeki, umeifunga springi kabla haijaanza kazi. Tulikuwa tumezikaza ikiwa inaning'inia, kwa haraka ya kutaka kusifiwa. Tukazilegeza, tukaiteremsha, na mimi ndiye niliyezikaza.

Safari hiyo Nafula alilala mpaka Saboti. Alilala pale wakati wa kugeuza, akalala na kurudi, mdomo wazi, mate yakinishuka mgongoni. Barasa alikuwa anageuka kumwangalia mpaka nikamwambia aangalie barabara.

Meja akamleta mzee tena. Sikudhani atakubali. Alipanda pole pole, wakaenda, na mara hii mimi nilibaki langoni na wengine, hata mama wa chai akaacha sufuria yake. Walipokawia nikajua wameenda mpaka nyumbani. Walirudi, na mzee alikuwa bado amekaa wima, medali zake zimenyooka, hataki kushuka. Lakini Meja alikuwa na uso wa wasiwasi. Alimwambia Mzee Ndung'u kwamba gari ni laini, ni kweli, lakini sasa anaogopa tumeiharibu. Yeye alitaka iwe kama ile ya vita, kila kitu. Akamwuliza baba yake kama ile ya Burma ilikuwa inatembea hivi.

Mzee akasema, "Ile ilituvunja."

"Basi hii si ya kweli, Baba."

"Ya kweli nilishaipanda," mzee akasema. "Nataka hii."

Halafu akauliza nani alitengeneza hapa chini, na Mzee Ndung'u akanishika bega akanisukuma mbele, na mtoto mgongoni. Hakusema kwamba tulikuwa wengi. Nilimwambia mimi mwenyewe kwamba ni Barasa na mimi. Mzee alimwomba Nafula mkono, akamsalimia kama mtu mzima.

Tangu siku hiyo nina kona yangu gerejini. Mtu akija na springi, Mzee Ndung'u anamwambia aende kwa mama Nafula, na mimi swali langu la kwanza ni moja, utabeba nini? Wengine wanacheka kwamba gari yao imeingia kliniki. Lakini wanaleta.

Sasa Baba, jibu langu. Sikatai neno lako kwa kiburi. Mama nampenda, na najua angemlea Nafula kuliko ninavyomlea mimi na usingizi huu wangu. Lakini Nafula anabaki na mimi. Na mimi nabaki na kazi yangu. Sitaki uambiwe na Mjomba, ndiyo sababu nimekuandikia kwa mkono wangu.

Meja atampeleka mzee wake Bungoma kwa ile sherehe, na ameomba niende nao niangalie gari njiani. Nimemwomba wasimame kwetu na amekubali. Nitashuka na Nafula. Nakuja kuwasalimu, Baba, siji kukaa. Wewe siku hiyo vaa koti lako la Jumapili. Utapanda nyuma, mahali nilipokaa mimi, kwa sababu nyuma ndiko kunakoumiza. Tutakwenda mpaka kanisani na kurudi, njia ile ile ya mawe, mbele ya wote wanaokuuliza habari zangu. Usiwajibu kitu. Shuka tu, na mikono yako miwili ionekane. Kama hujashika kiuno, watakuwa wamejibiwa.

Msalimie Mama, mwambie ile blanketi ya mtoto ilifika na haijatoka mgongoni kwangu. Msalimie Kukhu, mama yako, mwambie kitukuu Nafula ana masikio yake. Mjomba Simiyu mwambie sikumnyima jibu, nilikuwa nalitengeneza. Na Wanyonyi, kaka yangu mdogo, ambaye najua ndiye anakusomea barua hii, asiruke mstari, hata ule wa mkono kiunoni.

Ni mimi binti yako, niliyekuwa nakukanyaga mgongo jioni,

Naliaka, mama Nafula.